Mimba ya Zabibu

Zubeda alikuwa na miaka hamsini na moja, wajukuu watatu, na tumbo lililokua kwa pupa. Kipimo cha mkojo kilisema ana mimba. Mumewe Waziri aliitangaza habari hiyo ufukwe mzima wa Baraka, akitembea kifua mbele utadhani ni yeye wa kwanza duniani. Zubeda aliona haya mwanzoni. Kisha, akiwa peke yake anasonga ugali, akaanza kuzungumza na mtoto.

Damu ilipoanza kumtoka, wakaenda hospitali. Docta Nicolas, kijana mwema aliyeapa kutowachanganya wagonjwa kwa Kifaransa chake, aliitazama ekografi, ile picha ya tumbo kwenye skrini, akavua miwani.

"Pole, mama. Hii mimba iko ya zabibu. Lazima tupasue."

Sasa, pale mjini Baraka nani amewahi kuona tunda hilo? Zabibu ni jina la mtu. Na Zabibu waliyemjua wao alikuwa mjane muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anayecheka kwa sauti kila Waziri akipita.

"Ya Zabibu?" Zubeda aliketi wima. "Waziri!"

"Haiko yangu! Mi nilinunuaka ndagala tu!"

Jamani, nani alikuwa amemuuliza? Zubeda akashuka kitandani, akakaza kitenge.

"Basi mupasue huyo Zabibu. Mi naenda kwangu."

Alifika mlangoni, damu ikimchuruzika miguuni. Nicolas akamziba njia, jasho likimtoka.

"Mama, ukienda utakufa! Zabibu iko matunda! Kuya uone."

Kwenye skrini kulikuwa na malengelenge madogo yaliyosongamana kama mayai tumboni mwa samaki. Kondo la nyuma limeota ovyo, Nicolas akaeleza. Kwa umri wake ni heri kutoa kizazi chote, kisha kupima damu mara kwa mara, kwani masalia huweza kugeuka kansa. Hata hiyo ina dawa, mradi iwahiwe.

Zubeda alitafuta kichwa kwenye skrini, akatafuta mguu.

"Hakuna mutoto? Hata kidogo?"

"Hakuna, mama."

"Heri ingekuwa ya Zabibu kweli," akasema, machozi yakimbubujika. "Kungekuwa na mutoto."

Waziri, ambaye bado alikuwa akijitetea na ndagala zake, akamsogelea. Akamshika mkono mkewe.

"Mi nilioa Zubeda. Docta, toa yote, uniachie huyu."

Zubeda akapanda kitandani mwenyewe, ila mkono wa Waziri hakuuachia mpaka wauguzi walipowatenganisha kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.