Mkwe na Kisima cha Walpatjara

Watu wa serikali walikitafuta kisima cha Walpatjara, huku jangwani kwetu, kwa helikopta mara mbili, wakarudi mikono mitupu. Kwenye ramani ya ofisi yetu ya walinzi wa ardhi palikuwa peupe, hata nukta hamna. Mama yangu akiitazama ramani ile alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Alizaliwa pale, chini ya mwamba wenyewe, na ndiye mtu wa mwisho aliye hai anayejua njia. Mimi ni binti yake, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia ujuzi ule kana kwamba ni wangu.

Sasa redio ilitangaza mvua kesho yake jioni, ya kwanza kubwa baada ya miaka miwili. Ukame ulikuwa umewaleta ngamia-mwitu kwenye kila tone la maji, na ngamia akitumbukia kwenye kisima cha mwamba, yaani shimo la jiwe linalokinga maji ya mvua, hatoki, hufia humo humo. Mvua ikinyesha juu ya mzoga, maji yote yanaoza na kisima ndiyo basi tena. Tulikuwa na siku moja ya kukisafisha. Na mtu pekee aliyekuwa na leseni na gari lenye winchi, ile roda ya kuvutia vitu vizito, wiki ile alikuwa Elroy, mkuu wa walinzi, mume wangu.

Kwetu mkwe ni moto, unauota kwa mbali. Mwanamume hamsemeshi mama mkwe wake, hamtazami, halitaji jina lake, na mama naye vivyo hivyo. Si ugomvi, ni heshima, na heshima ikizidi, kimya nacho kinazidi. Miaka kumi na mmoja mama na Elroy hawakuwahi kupeana hata habari ya asubuhi. Mama akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Elroy anatokea wa nyuma, hata kama sukari aliyotumwa hajainunua. Nimekunywa chai nyingi isiyo na sukari kwa ajili ya heshima hiyo.

Tulitundika blanketi nyuma ya viti vya mbele. Mama akakaa nyuma na majembe na ndoo zake, mimi mbele kando ya Elroy, na mdomo wangu ukawa ndio daraja.

"Noreen, mwambie mwenye gari apite kushoto kwa ile mivinje mitatu."

"Elroy, kushoto kwa mivinje mitatu."

"Sawa. Muulize, kabla ya korongo au baada?"

"Mama, anauliza kabla ya..."

"Kwani mimi kiziwi? Kabla!"

Tulikwenda hivyo saa mbili nzima. Kisha nikafanya kosa ambalo sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kulifanya. Usiku nilikuwa nimekesha na mtoto mwenye homa, jua likanipiga usoni, gari likanibembeleza, nikalala.

Nilizinduliwa na kikombe cha bati kisogoni.

"Amka, gogo we!" Mama alikuwa anafoka nyuma ya blanketi. "Njia tumeipita zamani! Nimekohoa, nimegonga bati, nimeimba mpaka koo limekauka!"

"Elroy! Hukumsikia?"

"Nilisikia mtu anaimba," Elroy akajibu, ameikodolea macho barabara. "Nikaongeza sauti ya redio, nisije nikaonekana namsikiliza."

"Tumepita umbali gani?"

Akachungulia dashibodi. "Kilomita arobaini."

"Arobaini! Si ungeniamsha?"

"Sasa mimi ningejuaje kama tumepita? Njia anaijua yeye."

"Mwambie huyo mwenye gari," mama akasema, "kwamba alioa gogo."

"Amekusikia, mama."

"Sikusema naye!"

Siku nyingine tungecheka tukalia. Siku ile upande wa magharibi kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi, na hakuna aliyecheka. Elroy aligeuza gari na kulikimbiza kwenye nyasi za miiba hadi tairi moja likapasuka. Tulifika saa kumi badala ya saa sita.

Mama alishuka, akavua viatu, akatangulia. Kabla ya kuukaribia mwamba alipaza sauti, kama inavyopasa. Mahali pale pana wenyewe, na wenyewe wale waliotangulia hawanyemelewi.

"Ni mimi, Nyintari, mtoto wenu! Nimerudi, nimezeeka! Na huyu ni Noreen, wa tumbo langu!"

Elroy hakutajwa. Alibaki garini, ametupa mgongo, mikono juu ya usukani. Kwao ni kusini, kwenye maziwa ya chumvi, mwendo wa siku mbili, na mgeni asiyetambulishwa hasogelei kisima cha watu. Akisogea, maradhi yatakayompata ni yake. Sikuthubutu kumlaumu mama, maana atamtambulishaje mtu asiyeruhusiwa hata kumtaja? Lakini niliumia, sitaficha.

Ngamia alikuwemo. Dume zima, shingo imekunjamana chini, tumbo limevimba, nzi kama wingu. Tulimfunga kamba mguuni, tukavuta mimi na mama mpaka viganja vikachubuka. Hakusogea hata unene wa kidole. Ngurumo ya kwanza ikapita juu yetu.

"Mama, hatumwezi. Lazima gari lije mpaka hapa na winchi."

"Naona."

"Na gari halijiendeshi."

"Hilo nalo naliona, Noreen."

Alipindua ndoo akaikalia, akiwa ameutazama mwamba. Upepo ulikuwa umeanza kuleta ile harufu ya mchanga uliolowa mbali. Nilimwona akipangusa viganja vyake vilivyotoka damu kwenye sketi. Halafu akasimama, gari likiwa nyuma yake, na akauambia mwamba kwa sauti iliyonishtua:

"Sikilizeni! Kuna mtu kwenye gari. Jina lake silitaji, na sababu mnaijua, ninyi ndio mliotufunza. Sura yake nayo siijui vizuri, sijapata kuitazama. Lakini unyayo wake naujua! Mguu wa kulia unakanyagia ubavuni, tangu alipovunjika kwenye mpira. Kila asubuhi ya baridi nikifungua mlango nakuta kuni, na nyayo zile zimekuja, na nyayo zile zimeondoka, jua halijatoka. Miaka kumi na mmoja! Hajakosa hata mwaka ule mkewe alipokuwa hospitali. Akiua kangaruu, mkia unafika kwangu kabla wanawe hawajaonja. Niliowazaa mwenyewe hawajanifanyia hivyo!"

Hapo niliinamisha kichwa. Miaka yote ile nilidhani anaamka mapema kwenda kupasha injini moto. Gogo kweli.

"Ndiye baba wa wajukuu zenu," mama akaendelea. "Ni mtu mzima, ni mtu wa kazi, na mimi ninatembea kichwa juu kwa sababu yake. Mpokeeni. Akitoka hapa na maradhi, mtanijibu mimi!"

Akajitanda shali ya maua kichwani, akaenda kukaa nyuma ya kichaka, kumpisha.

Kisha injini ikaunguruma. Elroy alikuja kinyumenyume, taratibu, akasimamisha gari pale pale palipotakiwa, akashuka bila kunitazama. Alifunga waya wa winchi kwenye mzoga kwa mikono yake mwenyewe, yumo ndani ya uchafu mpaka kiunoni. Nilimwona anavyokanyaga mchanga, mguu wa kulia kwa ubavu, na nikashangaa kwamba nimelala na mtu huyu miaka yote hiyo na unyayo wake sikuwahi kuusoma. Ngamia akatoka, akaburutwa mbali. Tukaingia na majembe na ndoo, tukakomba tope, tukasugua jiwe kwa mchanga na matawi mpaka likarudia rangi yake nyekundu. Ndoo ya mwisho niliimwaga huku matone makubwa yanaanza kunipiga mgongoni.

Tulisimama tukitazama maji yakiteremka kwenye mwamba na kuingia kisimani, mfereji kwa mfereji. Elroy alikuwa amelowa, na si mvua peke yake iliyomlowesha uso. Alikohoa. Akakohoa tena.

"Noreen. Mwambie mama yako..."

Nikangoja.

"Nimwambie nini, mume wangu?"

Alitikisa kichwa, akashindwa kabisa.

Nyuma ya kichaka, chini ya shali iliyotota, sauti ya mama ikapaa juu ya mvua:

"Mwambie nimesikia!"