Matanga ya Injini ya Baba

Anayebisha kwamba gari bovu linaweza kugombanisha nyumba nzima, aje kwetu Newala nimpe kigoda akae. Mimi ni Valeria, mtoto wa kwanza wa Mzee Alfredi, na hasira zangu ni za karibu, sifichi. Kazi yangu ni kuuza maji. Landrova ya baba, ile ya zamani mafundi wanayoiita mia na tisa, yenye bodi ndefu, inashuka bondeni na tangi mgongoni, inajaza, inapanda mlima kurudi mjini ambako watu wamepanga madumu tangu alfajiri. Ilikuwa inapanda, niseme hivyo. Mwaka huu injini yake ilichoka kabisa. Ikifika katikati ya mlima inakohoa, inatoa moshi, inasimama, nami nasimama nayo nikitukana kimoyomoyo kwa kuwa ni mwanakwaya.

Gari lisipopanda sina kazi, na wanangu wanakula kwa kazi hiyo. Basi nikashuka Masasi kwa Fundi Fakihi. Fakihi ni Myao, mtani wetu sisi Wamakonde, maana yake ana ruhusa ya kunisema na mimi nina ruhusa ya kumrudishia, na hakuna wa kununa. Akaniambia gari langu lina bahati kuliko mimi, maana lenyewe linaweza kubadilishwa moyo. Alikuwa na injini ya dizeli iliyotoka kwenye Hailaksi iliyopinduka, injini yenyewe haikuguswa hata kidogo. Akapima, akapima tena, akasema itaingia, ila rejeta isogezwe mbele, vishikio vya injini vichomelewe upya, na fundi wa kukereza vyuma atengeneze sahani ya kuiunganisha injini ya Kijapani na gia boksi ya Kiingereza. Ndoa ya mseto, akasema, lakini hata hizo huwa zinadumu. Nilirudi Newala nikiimba.

Kosa langu ni kwamba nilipanga harusi bila kumwambia mwenye mwali. Baba aliposikia alisema hapana. Nikamweleza rejeta, nikamweleza sahani, nikamweleza mlima. Hapana. Kwa nini? Hapana tu. Siku Fakihi alipokuja na vyombo vyake, mzee alifunga boneti, akaikalia, kofia kichwani, akawa anatazama barabarani. Nilipandwa na mori. Nilifungua mdomo niseme maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, na mama, aliyekuwa barazani anabangua korosho, akaniagiza ndani nikamletee maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa mtupu na yeye alijua, lakini nilimwelewa nikaenda, nikarudi mikono mitupu.

Fakihi hakubishana. Aliweka spana zake chini, akamwamkia baba kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba. Kisha akachukua kanga ya mama kwenye kamba, akajifunga kichwani, akakaa mavumbini mbele ya gari na kuanza kulia msiba. Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, hata kaburini anaingia na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka, na kumnyima ni mwiko. Sasa yule Myao akamwigiza marehemu injini. Alikohoa. Alitetemeka mwili mzima akitafuta gia ya kwanza. Alipanda ngazi za baraza letu, ya kwanza, ya pili, akazimika, akateremka kinyumenyume mpaka katikati ya kuku. Majirani wakajaa uani. Mimi niliyekuwa nimevimba nilicheka mpaka nikashika mbavu, na hasira yote ikaniisha. Baba hakucheka, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Mtani akatangaza kwamba hakuna marehemu anayezikwa bila kusomewa wasifu, kwa hiyo anayemfahamu vizuri asimame aseme. Ndipo mama akaweka bakuli la korosho chini, akasimama. Mama yangu si msemaji. Kwenye vikao vya ukoo mchango wake ni kuguna.

Alisema siku ya harusi yao baba alikwenda kumchukua kwao Chidya na gari hilihili, akiendesha mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na usukani. Walipofika mlimani injini ikazimika. Wasimamizi walishuka, wakalizunguka gari, wakaogopa kuchafua suti. Yeye bibi harusi akavua viatu, akakunja gauni akalifunga kiunoni, akaenda nyuma kusukuma.

“Watu husema injini ile ilinileta Newala,” alisema. “Haikunileta. Mimi ndiye niliyeileta.”

Ua ulilipuka kwa vigelegele. Sikuwahi kuisikia habari hiyo, mimi mtoto wao wa kwanza. Niligeuka haraka nimwone baba anavyoona aibu. Hakuwa na aibu yoyote. Alikuwa amevua kofia, anamtazama mama kama vile sisi wengine wote tumeshaondoka.

“Najua,” alisema. “Nilikuona kwenye kioo. Umejaa vumbi, unacheka. Injini ingekuwa nzima siku ile, ningefika nyumbani na mwanamke nisiyemjua. Sasa mnataka niitupe?”

Mimi machozi yalinitoka huku nikicheka. Nilimpenda baba yangu pale kuliko nilivyowahi kumpenda, jeuri yake na yote.

Mama akamwendea mpaka penye boneti.

“Itoke tu, Baba Valeria,” alimwambia. “Mimi bado nipo.”

Mzee akavaa kofia yake. Kisha akashuka, akafungua boneti mwenyewe. Fakihi naye akakumbuka kazi yake, akajilaza kifudifudi juu ya injini, akasema haondoki pale mpaka mfiwa alegeze bolti ya kwanza kwa mkono wake. Kumnyima mtani ni mwiko, kwa hiyo baba akaomba spana. Bolti ilikuwa imeshikana na kutu ya miaka yote ile. Alivuta, haikutoka. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mama akaweka mikono yake juu ya mikono ya baba, wakavuta wote wawili, ikalegea.