Kikosi cha Ogola

Mwaka wa 1992 ofisi ya shamba la majani chai alipofanya kazi Kipngeno, upande wa Kericho, ilikuwa na kompyuta moja. Saa saba, makarani wengine wakienda kula, yeye na rafiki yake Ogola wa stoo walifunga mlango wakacheza mchezo wa kuongoza timu za mpira za Uingereza. Hakukuwa na mpira wa kuona, ni majina na namba tu. Unachagua klabu, unapanga wachezaji wako, unangoja matokeo yaandikwe.

Jumatatu moja walianza msimu mpya. Ogola akachukua Norwich.

"Timu gani hiyo?" Kipngeno akamcheka. "Si uchukue kubwa, kama mimi na Arsenal?"

"Arsenal kila mtu anaweza. Mimi nataka ile inadharauliwa."

Akapanga washambuliaji watatu. Kipngeno akapanga mabeki watano.

"Mabeki watano! Unaogopa nini, bwana?"

Kipngeno alibonyeza jina la beki wa tano. Jana yake, baada ya kanisa, alimsikia mjomba wake akiwaambia wanaume nyumbani kwamba Alhamisi watu wa ziwani, kabila la kina Ogola, watafukuzwa kutoka kambi ya wafanyakazi. "Na asitokee mtu wa kuwaonya," mjomba alisema, akimtazama yeye.

Mara mbili maneno yalimfika mdomoni. Mara ya kwanza Ogola alikuwa akimwuliza nani apige penalti. Mara ya pili makarani walikuwa wamesharudi. Akajiambia mjomba ni mtu wa kelele tu.

Alhamisi mchana moshi ulipanda kutoka kambini. Ogola alikuwa kazini. Mkewe, Molly, alikimbia na mtoto mgongoni kupitia katikati ya majani chai, vijana wenye mapanga wakamfikia, wakamkata begani. Mtoto hakuguswa.

Wiki iliyofuata Kipngeno aliwasha kompyuta peke yake. Mchezo ulikataa kusonga. Jina la Ogola lilikuwa juu ya kioo, likingoja mwenyewe apange timu. Kipngeno angeweza kumpangia. Aliweka vidole, akaviondoa, akazima mashine.

Baada ya wiki tatu Ogola alikuja na askari wawili wa kumlinda kuchukua barua yake ya kuacha kazi. Kipngeno alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Molly anaendeleaje?"

"Yuko. Mkono ndio hausongi." Ogola alimtazama. "Wewe ulijua?"

"Nilisikia."

"Lini?"

"Jumapili."

"Kwa hivyo ile Jumatatu tulikaa hapo ndani saa nzima."

"Ndio."

Kipngeno alingoja atukanwe, hata apigwe. Ogola alikunja barua, akaitia mfukoni, akawaambia askari, "Twendeni."

Kipngeno alipopata sauti ya kusema pole, lori la askari lilikuwa limeshashika barabara ya Sondu, kuelekea ziwani. Makarani wenzake walikuwa wamesimama dirishani, wote sasa watu wa kabila lake, wakimwangalia.