Kaburi Lenye Mawe Meupe

Kwa miaka ishirini mlinzi wa kilima alikuwa akiwapandisha wageni hadi kwenye duara la mawe meupe, juu kabisa ya mwamba wa chaki unaokatika ghafla baharini, na kuwaambia wavue kofia. Hapa, aliwaambia, amelala mtu wa kale. Ushahidi wake ulikuwa daftari la marehemu baba yake, mlinzi aliyemtangulia. Katikati ya hesabu ya vipepeo wa buluu na viota vya kipanga, mzee aliandika: "Kaburi. Pasichimbwe." Huyo mtu wa kale mlinzi, bintiye, alimwongeza mwenyewe, na kadiri miaka ilivyopita akazidi kumnenepesha kwa visa vipya.

Sasa wachimba chaki walikitaka kilima. Aliletwa mtaalamu wa mambo ya kale, msichana mpole mwenye brashi mfukoni. Akilikuta kaburi la kale, kilima kitabaki na vipepeo wake. Asipolikuta, mashine zitapanda. Mlinzi alimkabidhi daftari kifua mbele.

Hata saa mbili hazikupita. Fuvu lililojitokeza lilikuwa na pua ndefu. Lilikuwa la mbwa, naye alikuwa amefunikwa sweta la mtoto lenye vifungo vyekundu.

Mlinzi alivitambua vifungo. Sweta lilikuwa lake. Utotoni alichapwa kwa kulipoteza, wiki ileile baba alipomwambia kwamba mbwa wao ametoroka, naye akakaa mlangoni siku nyingi akimngoja. Hakujua amkasirikie mzee au amlilie mbwa, na juu ya yote kicheko kilimbana alipowakumbuka wale wageni wote waliovua kofia.

Mtaalamu alichimba chini zaidi. Akakuta chaki tupu, kama ilivyojilaza tangu enzi za bahari ya zamani, haijaguswa na mkono wa mtu.

"Mama," alisema taratibu, "naweza kuandika mifupa tu, umri haujulikani. Hilo sweta sikuliona."

Mlinzi alimtazama kipanga akizunguka juu ya makinda yake. Akaangalia daftari.

"Andika mbwa," alisema. "Nimedanganywa, na mimi nimedanganya. Inatosha."

Aliikusanya mifupa ndani ya koti lake, mmoja mmoja, akasimama. Akageuka huku, akageuka kule, akitafuta mahali pa kuizika tena, na kilima chote hakikuwa na mahali ambapo mashine hazingefika.