Bastola Iliyoshiba Mafuta ya Alizeti

Usiku wa kuamkia leo, nilipogeukia tu ukutani, niliota nimesimama katikati ya uwanja wa shule nimevaa kandambili za mke wangu, mkononi nimeshika bastola ya kuanzishia mbio.

Bastola hiyo ni ya kweli, ipo chini ya kitanda ndani ya kopo la majani ya chai. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na umri wake unanizidi. Haiui mtu. Inakula risasi baridi, zile za kelele na moshi tu. Nimeanzisha nayo mbio za shule za hapa Singida tangu mwaka sabini na tisa. Mwaka jana ilikataa mara tatu, mbio za mita mia zikaanzishwa na chafya ya mgeni rasmi. Mwalimu Mkuu akaniambia kistaarabu kwamba Jumamosi hii ikikataa hata mara moja, kazi itachukuliwa na filimbi ya Mwalimu Kidua, nami nitawekewa kiti kizuri kwa wageni. Hicho kiti kizuri ndicho kilichoniuma.

Sasa kwenye ndoto Jumamosi imefika. Wakimbiaji wanane wamechuchumaa kwenye mstari wa chokaa. Sheria ni ileile, hakuna anayeondoka kabla ya mlio, na naona wameitii kupita kiasi, maana yule wa njia ya tatu ana ndevu nyeupe hadi kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu," ananiamkia.

"Marahaba. Umepanga mstari lini?"

"Nikiwa darasa la sita. Huyu wa njia ya nne ni mjukuu wangu."

Mjukuu naye ananiamkia. Ana kipara.

Nyuma ya kilima jua linachungulia. Mwalimu Kidua analinyooshea kidole. "Wewe umetoka kabla ya mlio. Rudi." Jua linarudi kwa aibu. Hapo naelewa kwamba nisipofyatua hakutakucha, na mayai yangu ya asubuhi sitayaona.

Nafyatua. Inasema, tep.

"Nani anagonga?" inauliza bastola, kwa sauti ya bibi aliyeamshwa.

"Mimi, Mwalimu Mghenyi. Tafadhali lia."

"Siwezi. Nimeshiba."

"Umeshiba nini na leo hujala kitu?"

"Ingia ujionee. Vua kandambili, nimetoka kupiga deki."

Navua, naingia kwa pale zinapoingilia risasi. Ndani ni jikoni kwetu, ila sakafu na kuta zimefunikwa na kitu cha njano kinachonata kama gundi. Nyundo ya bastola, mzee mfupi mwenye mabega mapana, anatembea humo hadi magotini. Kila akinyanyua mguu, unasikika mlio wa mtu anayefyonza embe. Kwenye kigoda amekaa risasi, mgeni aliyekwisha kuudhika.

"Mwenye nyumba ndiye huyu?" anauliza risasi.

"Ndiye," anajibu nyundo.

"Mwambie nimekuja kulipuka, sikuja kubembelezwa. Sisi wa aina yangu hatuna kitu katikati, baruti yetu ya kuwashia imekaa ukingoni, huku kwenye pindo. Pindo ligongwe, tena kwa nguvu. Huyu mzee wako anagonga kama mtu aliyekwenda kuomba chumvi kwa jirani." Ananionyesha pindo lake, lina kialama kidogo kama cha kucha ya mtoto. "Hiki ni kipigo au salamu?"

Nakiri kwamba ni salamu.

"Usinilaumu, Mwalimu," anasema nyundo. "Kila Ijumaa unanimiminia mafuta kijiko kizima. Yanaganda. Nikitoka hapa nina hasira, nikifika kule imekwisha."

"Nilikuwa nakutunza."

"Kwa mafuta gani?"

Nakohoa kidogo. "Ya alizeti."

"Ya nani?"

Swali hilo sikulitaka. Miaka yote hiyo mke wangu, Mama Ntandu, amekuwa akichora alama ya kalamu kwenye chupa yake ya mafuta, na kila Jumamosi akiyakuta yameshuka namwambia ni paka wa jirani. Paka yule amekula fagio nyingi sana.

"Hodi humu," anasema Mama Ntandu mlangoni. Ameshika chupa na kipande cha kanga kuukuu. Nyuma yake paka amebeba ndoo ya maji ya moto.

"Karibuni," tunajibu wote.

"Nimefuata mafuta yangu."

"Mama Ntandu, nilikuwa nataka kukueleza..."

"Nieleze huku unasugua."

Nasugua. Nasugua kuta, nasugua magoti ya nyundo, pembeni napitisha kijiti cha meno. Mama Ntandu anapokea kitambaa, anakamulia kwenye chupa, ananirudishia. Paka ananitazama tu. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyozidi ile.

Springi inajinyoosha kwa mlio wa mtu anayetoka usingizini. Nyundo anajaribu hatua moja, anagonga ukuta, sahani zote zinaruka. Anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sasa tunaelewana," anasema risasi, akijizungusha kwenye kigoda. "Palipogongwa hapana kazi tena. Nigonge upande huu mpya."

Mara niko nje, sijui nimepitia wapi. Nanyanyua mkono.

"Kwenye mstari... tayari..."

Paa.

Wanaondoka. Kila hatua ndevu zinapungua, nywele zinarudi, na wakifika kwenye kona ni watoto wa darasa la sita, mmoja ana pengo. Jua linatoka njia ya nane. Linakimbia vibaya, linashika mkia, na hakuna anayelicheka. Mwalimu Kidua anatia filimbi mfukoni. "Umeniweza, Mwalimu," anasema.

Nikazinduka. Kumekucha. Nilivuta kopo chini ya kitanda, nikakuta bastola imekauka kama mfupa, na nilipoivuta nyundo, ikarudi kwa ukali ikanibana kidole. Nilifurahi hadi nikasahau kuugulia.

Jikoni, Mama Ntandu alikuwa anakaanga mayai. Chupa aliinyanyua dirishani penye mwanga.

"Baba Ntandu, jana nilichora alama chini ya nusu. Leo imejaa hadi shingoni."

"Labda paka amerudisha," nikasema.

Hakucheka. Aliinamia kikaango, akanusa, akanusa tena.

"Na huko alikoyapeleka," akasema taratibu, "kulikuwa na baruti."

Nikala mayai yangu mawili. Kisha nikaomba la tatu, nikatoka nalo nje kumtafuta paka.