Siku Chidananda Alipowatembeza Wakwe

Asubuhi ile ya Jumapili Chidananda alinyoa ndevu mara mbili, akajipaka mafuta ya nazi kwenye nywele chache zilizokuwa bado zinamvumilia, kisha akavuta pumzi mbele ya kioo mpaka kitambi kikaingia ndani. Kilikaa huko kwa muda wa kufunga mkanda tu, kikarudi mahali pake. "Leo nisitiri," alikiambia. "Kesho fanya utakavyo."

Mama yake mkubwa, Girijamma, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya idli, vile vitumbua laini vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, anamtazama jinsi anavyohangaika.

"Wakwe wanakuja leo," alisema. "Mshenga kaninong'oneza. Watakata tiketi kama wageni wengine, wakuone ukiwa kazini. Wewe usijue kitu."

"Nitajifanyaje sijui na nimeshajua?"

"Miaka yote hii umejifanya una akili, na watu wameamini. Hilo litakushinda?"

Hakuna aliyeweza kumjibu Girijamma, hata wauza mboga wa sokoni. Chidananda alikula idli zake. Alikuwa na miaka thelathini na sita na alikuwa ameshakataliwa na familia kadhaa: moja kwa ajili ya kipara, nyingine kwa ajili ya mshahara, na ile ya mwisho kwa sababu anaongea mno. Inasemekana baba wa yule binti alikuja na jibu la hapana mdomoni, akarudi nalo nyumbani kwa kukosa upenyo wa kulitoa, ikabidi alitume kwa simu.

Huyu wa sasa aliitwa Vaidehi. Nyota zao zilikuwa zimeshaangaliwa na kukubaliana. Picha ilikuja, lakini ilikuwa picha ya studio, ya harusi ya binamu yake, na mpiga picha alikuwa ameufanya uso mweupe mpaka pua haionekani. Kwa hiyo sura hakuijua. Alichokijua ni kwamba wakati familia nyingine zote zilianza kwa kuuliza analipwa kiasi gani, Vaidehi alimuuliza mshenga jambo moja tu: huyo mtu anaipenda kazi yake? Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua hilo. Tangu siku ile Chidananda alikuwa halali vizuri, na hili tusimcheke, alikuwa amempenda mtu asiye na pua.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembeza wageni katika kiwanda cha ndege, halafu katika makumbusho yaliyo pembeni yake, ambako ndege zilizostaafu zimepangwa kwenye majani. Na kweli aliipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Wageni wa saa nne walikuwa wamejikusanya getini. Kulikuwa na vijana wa chuo, simu zao zimeinuliwa juu. Kulikuwa na bibi kizee aliyeshikwa mkono na mjukuu wake, mwanamke mwenye gauni la pamba na raba za kutembelea. Halafu kulikuwa na wao. Chidananda aliwatambua papo hapo: mzee wa msuli mweupe uliopigwa pasi mpaka unakata, mkewe, na binti aliyevaa sari ya hariri, asmini kichwani, uso umepakwa poda. Nani anavaa hariri kwenda kutazama mabomba ya injini, kama si mtu mwenye jambo lake?

Majina hakuuliza. Ungemuulizaje jina mtu aliyekuja kwa kujificha? Na yule binti hakumtazama hata kidogo. Kijana aliyelelewa vizuri hamkodolei macho binti wa watu mbele ya baba yake, na Chidananda alikuwa ameamua kuwa kijana aliyelelewa vizuri kuliko wote mjini Bengaluru. Macho yake aliyabandika kwenye masharubu ya mzee, yakakaa huko.

"Kaka," alisema yule mwanamke wa raba, "kuna kiti chochote? Magoti ya bibi yanamsumbua."

Kiti kilikuwepo, kimoja, cha kukunja, na wakati huohuo Chidananda alikuwa anakifungua kwa ajili ya mke wa mzee.

"Mbele vipo, dada," alisema. Mbele havikuwepo.

Waliingia karakana kuu, wakapita nyuma ya mstari wa njano. Bawa kubwa lilikuwa limelala kwenye fremu yake, na mashine za kutobolea bado zilikuwa na alama nyekundu na mashada ya maua yaliyonyauka, maana sikukuu ya kuabudu vyombo vya kazi ilikuwa imepita wiki iliyotangulia. Chidananda alieleza jinsi mafundi walivyotaka kulipamba bawa kwa ndimu, mhandisi akakataa kwa kuwa ukali wa ndimu unakula bati la ndege, wakabishana nusu siku, mwishowe ndimu zikawekwa chini ya magurudumu ya kitoroli na kila mtu akaridhika. Wageni wakacheka. Mzee wa msuli hakucheka.

"Mshahara wa humu ukoje?" aliuliza.

Chidananda akavuta kitambi ndani. Basi ndio wao, hakuna shaka tena.

"Mzuri, mzee. Hasa sisi wa makumbusho."

"Nyumba mnapewa?"

"Wako mbioni kutujengea."

"Na mtu akishaingia, anafukuzwa kirahisi?"

"Mzee wangu, humu mtu anatoka kwa kustaafu tu. Wengine hata wakistaafu hawatoki."

"Chakula chenu?"

"Kantini wanapika vya kila namna, ila mimi binafsi ni mboga tupu. Hata yai naliogopa." Mayai ya kukaanga aliyokula juzi aliyasahau kwa makusudi, maana familia nyingi hazimtaki mkwe anayegusa nyama wala yai.

Yule mwanamke wa raba alikuwa amesogea karibu. "Kaka, kati ya ndege zote za hapa, wewe unaipenda ipi?"

Chidananda alikuwa ameanza kumhesabia mzee mafao ya uzeeni. "Zote nzuri, dada," alisema bila kugeuka. "Haya, tusogee, tusogee."

Wakatoka nje kwenye makumbusho. Hapo Chidananda alijikomba mpaka ungemwonea huruma. Aliwanunulia kahawa wote watatu, akamshikia mama wa watu mkoba, akamkinga mzee jua kwa kipeperushi cha makumbusho. Mzee alipomuuliza kama yeye mwenyewe ameshasafiri kwa ndege, alijibu "mara nyingi mno" huku akiangalia mawinguni kama mtu aliyeacha vitu vyake huko. Ukweli ni kwamba mahali pa juu kabisa alipowahi kufika ni mlimani, tena kwa basi, na alitapika.

Mwisho wa ziara ni ndege moja kuukuu ya mizigo. Wageni hupanda ngazi ya chuma, nyembamba na kali, na kuchungulia chumba cha rubani kwa nje ya kamba. Kiti cha rubani hakikaliwi, ni amri. Lakini msimamizi alikuwa amekwenda kunywa chai, na Chidananda aliifungua kamba kwa mkono wake.

"Mzee, mwambie binti akae tu. Kwa heshima yako."

Binti wa hariri akakaa, akapigwa picha, akashuka anacheka. Chini ya ngazi bibi kizee alimwinulia Chidananda uso.

"Mjukuu wangu, na mimi ningependa kukaa hapo."

"Samahani, bibi. Sheria hairuhusu."

Bibi alitikisa kichwa polepole, akaenda kujiegemeza kwenye gurudumu la ndege. Mjukuu wake alimtazama Chidananda, kisha akamfuata bibi yake.

Vijana wa chuo walipoondoka, mzee wa msuli alimshika Chidananda mkono, akamvuta pembeni. Saa imefika.

"Kijana, nina neno."

"Sema, baba." Neno baba lilimtoka lenyewe.

"Nina mwanangu wa kiume. Kamaliza chuo cha ufundi mwaka jana, tangu hapo kazi yake ni kulala. Huyu wa kike sina wasiwasi naye, yuko kwa mumewe huko mjini Hubballi, amekuja kutusalimia tu, na leo jioni tuna harusi. Ila huyo wa kiume ananiua. Ndiyo maana nimekuchokoza na maswali. Sasa nimwone nani hapa?"

"Ameolewa?" Chidananda aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Mwaka wa pili huu."

Hapo ndipo Chidananda alipomtazama yule binti kwa mara ya kwanza. Mkufu wa ndoa wa shanga nyeusi ulikuwa shingoni mwake, wazi kabisa, unameta juani, na pete za ndoa zilikuwa kwenye vidole vyake vya miguu. Nchi nzima ilikuwa imeviona isipokuwa yeye, kijana aliyelelewa vizuri. Alimwelekeza mzee ofisi ya ajira, akawaaga, akarudisha mkoba wa mama wa watu ambao bado ulikuwa begani mwake.

Alipogeuka, uwanja ulikuwa umebaki na watu wawili tu.

"Mama yako mkubwa hajambo?" aliuliza mwanamke wa raba.

"Hajambo, anawasalimu," alijibu kwa mazoea. Kisha maneno yale yakamwingia. "Unamfahamu?"

"Kwa mshenga. Mimi ni Vaidehi. Baba alitaka kuja, bibi akasema anakuja yeye, macho yake hayadanganyiki."

Chidananda alitamani ardhi ipasuke. Sasa alilikumbuka lile swali la ndege. Lilikuwa ndugu wa lile ambalo Vaidehi alimuuliza mshenga; wiki nzima alikuwa amelisubiri, amelijibu kitandani kwa namna kumi tofauti, na lilipokuja alilifukuza kama inzi.

"Nilidhani wale ndio nyinyi," alisema.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Na ungejua kuwa ni sisi, kiti ningepata?"

"Ungepata viwili, bibi."

"Huo ndio ubaya wenyewe," alisema Vaidehi.

Chidananda, aliyewahi kumnyima baba wa watu upenyo wa kusema hapana, alisimama pale mikono inaning'inia, mafuta ya nazi yanamtiririka nyuma ya masikio, akajiona alivyo, na hakupenda alichokiona. Kisha akaenda mbele ya bibi, akampa mgongo na kuchuchumaa.

"Panda, bibi."

"Tutavunjika wote."

"Mimi nitatangulia kuvunjika, wewe utanidondokea. Nina mto wa kutosha."

Bibi alikuwa mwepesi machoni tu. Kwenye ngazi ya tatu Chidananda alianza kupumua kama pampu mbovu, kwenye mlango wa ndege wakakwama, kitambi kimebanwa mbele na bibi nyuma. Vaidehi akaweka mabega chini yao, akasukuma. Msimamizi alitokea kantini na kikombe mkononi.

"Chidananda, kiti hicho hakikaliwi."

"Leo kimekaliwa mara moja tayari, bwana," alijibu kwa shida. "Makosa ni yangu yote mawili. Nakuja kukueleza."

Wakaingia kwa mkupuo. Bibi akakaa kwenye kiti cha rubani, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kama anayetafuta njia.

"Huko juu kukoje, ndege ikiruka?" aliuliza. "Wewe si umesafiri sana, nimekusikia."

"Nilidanganya, bibi. Sijawahi. Naogopa." Akageuka kwa Vaidehi, kijasho kinamtoka. "Na lile swali lako. Ni hii. Najua haina rangi, injini moja imeshatolewa. Lakini ndiyo ndege pekee niliyowahi kupanda. Jioni nikishafunga mageti huwa nakuja kukaa humu kidogo kabla ya kwenda nyumbani."

"Kwenye kiti kisichokaliwa?"

"Kwenye sakafu."

Vaidehi aligeukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Kama alikuwa anacheka au anakohoa vumbi, Chidananda hakujua, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujaribu kukisia.

Kumshusha bibi kulikuwa kugumu kuliko kumpandisha, na shati likapasuka kwapani. Getini Chidananda aliwaitia bajaji. Bibi alipoketi, alimpapasa kile kipara kama mtu anayechagua tikiti.

"Jibu atawaletea mshenga," alisema.

"Mshenga wa nini tena, bibi, na mwenyewe yuko hapa," alisema Vaidehi. "Kaka Chidananda, pale ulipomwambia bibi habari ya sheria, nilishajibu moyoni. Nilisema hapana."

"Na sasa?"

"Sasa bado ni hapana." Aliingia kwenye bajaji, akakusanya gauni lake lisiburuzike. "Lakini Jumapili ijayo namleta mama, naye aseme lake. Ujue tu kwamba mama ni mnene, bibi anaingia ndani yake mara mbili, na magoti yake ndiyo hayafai kabisa."

Bajaji ikaondoka. Chidananda alirudi ndani akiwa ameushika mpasuko wa shati, akapita kumwomba msimamizi radhi kama alivyoahidi. Msimamizi alimsema weee mpaka akachoka. Alipomaliza, Chidananda alimuuliza kwa adabu kama kuna mtu anayejua ile ngazi ya chuma inabeba uzito kiasi gani.