Mstari Mmoja Uliobaki

...sitini na watatu, hapana, haiwezekani, Araba akahesabu tena kwenye kioo cha kompyuta, sitini na watatu waliomo kwenye jedwali la waliozaliwa na hawamo kwenye la waliochanjwa, na Bwana Quansah, mganga mkuu, anataka orodha mezani saa sita, na sahihi kwenye chanjo zote ni moja tu, ya Anti Mansa, mkunga, Anti Mansa aliyemkata yeye Araba kitovu, anayemletea kenkey, madonge yale ya mahindi, kila Ijumaa, leo hii aambiwe amewaruka watoto wote hawa, afukuzwe na uzee wake ule... na huyo kichanga wa chumba cha pili analia tangu saa tatu, mapafu anayo, Mungu ambariki... mashine aliiambia vizuri kabisa, chukua kila aliyezaliwa, mtafutie jina lake kule kwa waliochanjwa, asiyeonekana niachie, basi kosa liko wapi, labda Anti macho yamechoka, labda... "Kwame! Mama yake Kwame yuko wapi?" Anti Mansa huyo, ukumbini, na mama mmoja anacheka, "Si Kwame tu sasa, Anti, Jumamosi tumemtoa nje, anaitwa Gilbert Nana Amissah!" "Ee, jina refu kuliko mwenyewe! Mlete hapa huyo mheshimiwa"... Gilbert... Araba akakirudia kioo, mtoto amezaliwa Jumamosi anaandikwa Kwame, jina la siku, siku ya nane anatolewa nje, anaonjeshwa maji na pombe, anapewa jina la babu, anakuja kwenye sindano akiwa Gilbert, na mashine, mgeni asiyejua mila, inamtafuta Kwame mpaka kesho, we Araba we, wewe mwenyewe nyumbani Araba, wa Jumanne, kwenye cheti Philomena, na hukuona!... futa jina, weka namba ya kadi ya mama, hiyo haibadiliki hata mtoto apewe majina kumi, bonyeza... wameondoka, hamsini, sitini, sitini na wawili, furaha ikampanda hadi machozi, Anti hakumruka hata mmoja, umebaki mstari mmoja tu, Kofi, amezaliwa leo Ijumaa, saa tatu asubuhi... saa tatu... na upande wa pili wa ukuta kilio ni kile kile, na sauti ya Anti Mansa imeshaingia humo, "Haya Kofi, pole baba, kidogo tu," kilio kikapanda mpaka darini, na Araba akakaa, kidole juu ya kitufe, akicheka peke yake, akingoja Anti aandike, mstari nao uende zake.